Damu ya Wapishi

Maabara, ghorofa ya tatu
6 Februari

Mke wangu,

Shikamoo. Najua mume hamwamkii mkewe shikamoo, lakini wewe ndiye uliyenifunza adabu na wewe ndiye uliyeniposa nikiwa na miezi minane, kwa hiyo jilaumu mwenyewe. Barua yako niliinusa kabla ya kuisoma. Inanukia moshi wa kuni. Wenzangu hapa wananicheka, lakini harufu hiyo ikinifikia najiona nimerudi nyumbani, nimekalia ndoo iliyopinduliwa, nasubiri unipe ukoko wa wali.

Simu yako bado tu? Tangu idumbukie kwenye sufuria ya maharage ni muda sasa, na nikisema nikuletee nyingine unakuja juu. Haya bwana, tuandikiane kama watu wa zamani. Dereva wa gari la chakula cha shule ameshajiona tarishi.

Sasa nina ombi, tena la kazi. Unajua tunachokitafuta hapa: dalili kwenye damu kwamba mapafu ya mtu yameanza kuumizwa na hewa chafu, kabla mwenyewe hajajua. Mapafu yana protini zake, ambazo kazi yake ni humo humo ndani. Ukuta wake ukichubuka, protini hizo zinavuja na kuingia kwenye damu, na mashine yetu inaziona. Tumeshapima mafundi wa kuchomelea vyuma na wafagiaji wa barabara kuu. Profesa sasa anataka watu wa kulinganisha nao, wanaovuta hewa safi. Hata hajamaliza kusema, mimi nimeshanyoosha mkono. Nikamwambia kwetu mlimani, hakuna kiwanda, hakuna magari, asubuhi unaona mpaka ng'ambo ya bonde.

Nahitaji wanawake kumi na wawili, wasiovuta sigara, wasioishi karibu na kiwanda wala barabara kuu. Muuguzi wetu atakuja Jumamosi ijayo na boksi lake la barafu. Nimemwambia akuulizie wewe, kwa sababu nani mwingine anaweza kuwapanga watu kumi na wawili foleni bila kelele?

Mumeo, ambaye pia ni mjukuu wako,
Mtu wa Maabara

*

Jikoni
17 Februari

Mume wangu,

Marahaba. Kazi yako imekwisha, tena imekwisha kabla ya chai ya saa nne. Watu wangu nimewatoa hapa hapa jikoni shuleni, wapishi wote na wawili wa kuosha vyombo, maana hao ndio wakinibishia najua pa kuwapeleka. Ningekwenda kuwabembeleza watu majumbani ningekuwa huko mpaka leo.

Muuguzi wako ni mpole, ila ana maswali! Unavuta sigara? Hapana. Unaishi karibu na kiwanda? Kiwanda gani? Karibu na barabara kuu? Mwanangu, hapa gari likipita watoto wanatoka darasani kulitazama. Tukajibu hapana, hapana, hapana, mpaka ikawa kama wimbo. Mmoja wetu, yule mnene anayekata nyama, akaona sindano akaanguka chini puu. Mtu anayechinja kuku ishirini kwa asubuhi moja! Tulicheka mpaka mbavu zikauma, na mimi kikohozi kikanishika kwa kicheko, Msaidizi wangu akanipiga mgongoni kama anapiga godoro.

Kila mtu kapewa namba. Mimi ni namba saba. Muuguzi alisema mtu asimwambie mwenziwe namba yake, ni siri, hata maabara hawajui nani ni nani. Lakini wewe si mtu, wewe ni mume wangu. Ukiiona damu ya saba uisalimie, uiambie isilegee, iwaonyeshe hao mafundi wa vyuma damu ya mlimani ilivyo.

Simu bado. Fundi anasema inakauka. Kula vizuri. Picha uliyotuma shingo imekuwa ya mbuni.

Mkeo mkubwa

*

Maabara
10 Machi

Bibi,

Shikamoo. Nisamehe kwa kuchelewa kujibu. Kazi imekuwa nyingi, na kuna majibu hayakukaa sawa, tumekuwa tukiyarudia. Nilidhani mimi ndiye niliyekosea. Nilidhani labda mirija ilichafuka, nikaitupa nikafungua mipya. Kisha nikadhani ni mashine. Profesa naye akaniuliza kama nina hakika na boksi nililopokea. Nikamwambia nina hakika.

Tuyaache hayo. Bibi, kwa nini usije kunitembelea? Njoo ukae wiki mbili tu. Nina chumba, nina kitanda, nitalala chini mimi. Huku kuna daktari mmoja, ni rafiki yangu, ningependa sana muonane. Ni mtu mzuri, hana haraka na wagonjwa, ninataka kusema hana haraka na watu. Nimeshamweleza habari zako na anakusubiri kwa hamu.

Hebu niambie pia, unalala vizuri? Ule mlima wa kutoka kisimani bado unaupanda kwa mkupuo mmoja kama zamani? Na kile kikohozi ulichokitaja, ni cha siku ile tu? Nauliza tu.

Njoo, Bibi. Hata wiki ijayo. Nauli ninayo mkononi.

Mjukuu wako akupendaye sana

*

Jikoni
18 Machi

Mume wangu mjanja,

Marahaba, na hongera! Wewe unadhani mimi nimezaliwa jana? "Daktari, ni rafiki yangu, ningependa muonane." Hujanitajia hata kama ni mwanamume au mwanamke, ndiyo nikajua. Halafu eti nalala vizuri, eti napanda mlima. Mtoto ametafuta pa kuanzia hakupaona, kaanza kuuliza habari za kisima!

Nimewasomea wenzangu barua yako wakapiga vigelegele mpaka Mwalimu Mkuu akaja kuuliza kulikoni. Nimemwambia mume wangu anaoa mke wa pili, daktari, na mimi nimeridhia. Sasa niambie: ni mrefu? Anacheka? Kwao wanajua kwamba unakoroma? Sina wivu, ila nataka kumwona anavyokula. Mtu anayechezea chakula simtaki nyumbani kwangu hata awe daktari wa wafalme.

Lakini kuja sasa siwezi. Watoto wanaingia kwenye mitihani, na mia nne hawawezi kushindia maji. Nitakuja likizo. Mwambie mwenzio asikate tamaa, bibi anakuja na kitenge kipya.

Ila mbona barua yako haikuwa na utani hata mmoja? Umeandika "Bibi" juu, sijui mke wangu amekwenda wapi. Mapenzi yamekuchosha hivyo?

Mke mkubwa, aliyeridhia

*

Maabara
24 Machi

Mke wangu, Bibi yangu,

Hakuna msichana. Yule daktari ni mzee wa miaka sitini, ana kipara na wajukuu, na ni daktari wa kifua.

Nitakwambia sasa, ingawa sina ruhusa. Damu ya watu wako kumi na wawili ni mbaya. Nimeipima mara nne. Wengi wenu mko sawa na mafundi wa kuchomelea, na wengine mmewapita. Profesa anahangaika akidhani sampuli zimechanganywa. Mimi nilihangaika naye, mpaka jioni moja nikaichukua barua yako ya Februari niisome tena kujiliwaza, nikainusa kama kawaida yangu. Ndipo nikaelewa. Bibi, "watu wangu nimewatoa hapa hapa jikoni." Uliniandikia wazi, na mimi nikasoma nikacheka nikaipita. Tuliwauliza habari za viwanda na magari. Hatukuwauliza habari za kuni. Na mimi ninayeshinda kutwa nasoma mambo ya moshi, nimekulia kwenye jiko lile, majiko sita na dirisha moja, na sikuwahi hata siku moja kuuita ule moshi hewa chafu. Kwangu ulikuwa ni wewe.

Namba saba ndiyo ya juu kuliko zote.

Damu peke yake haitoshi kusema mtu ni mgonjwa. Inasema tu kwamba ukuta unavuja, mtu atazamwe. Ndiyo maana nataka uonwe na daktari, upulize kwenye kile kimashine cha kupima pumzi, upigwe picha ya kifua. Kuna dawa, kuna mambo ya kufanya, kama tukiwahi. Siwezi kulala. Nimekuwa nikiingia kazini nikiitazama ile chupa yako ndogo kwenye friza kama mtu anayetazama mlango wa chumba cha mgonjwa.

Nijibu ukweli. Unakohoa?

Wako

*

Jikoni
2 Aprili

Mjukuu wangu,

Nimesoma. Nimekunja. Nimesoma tena.

Ukweli unautaka, huu hapa. Simu ilikauka siku ile ile. Iko kabatini, inafanya kazi kuliko mimi. Sikutaka unisikie. Nikisema maneno matano pumzi inakatika, halafu kikohozi kinakuja, na wewe sikio lako nalijua, ungekuwa kwenye basi kabla sijakata simu. Kwenye barua mtu anapumzika akiandika na msomaji hajui. Hapa ulipofika kusoma nimeshapumzika mara mbili. Mlima wa kisimani nilishauacha, Msaidizi ananichotea.

Sasa na mimi nikuulize. Umesema watu kumi na wawili. Umemwambia nani? Umeniambia mimi, kwa kuwa nilikutajia namba yangu kwa mchezo. Je, wenzangu kumi na mmoja? Yule mnene aliyeanguka ana watoto watano. Msaidizi wangu bado kijana, hajafika hata arobaini. Mimi ndiye niliyewapanga foleni. Niliwaambia mjukuu wangu anahitaji damu, wakatoa mkono bila kuuliza damu inakwenda wapi. Leo asubuhi nimewasalimia nikashindwa kuwatazama machoni. Eti mimi nipande basi nikatibiwe, wao nimewaacha wamesimama kwenye moshi ule ule kwa sababu hawana mjukuu maabara? Siji. Usinitumie nauli.

Nakupenda kuliko macho yangu, na kwa hilo nimekukasirikia vizuri sana. Nenda ukamwambie huyo Profesa wako. Akikufukuza, rudi nyumbani, utakula. Lakini wenzangu waambiwe.

Bibi yako

*

Maabara
13 Aprili

Bibi,

Nimemwambia.

Niliingia ofisini kwake nikamweleza yote: kwamba kundi langu la hewa safi ni la wapishi, kwamba nilijua namba yako, kwamba nimekwambia majibu yako. Nilikuwa nimeshakunja koti langu mkononi, tayari kwa kutoka. Profesa ni mama mmoja mwembamba, hajui kupandisha sauti. Akaniuliza jikoni kwenu kuna madirisha mangapi. Nikamwambia moja. Akaniuliza mama yangu alikuwa mpishi? Nikamwambia bibi yangu. Akasema, "Na mimi mama yangu alikuwa anakausha samaki kwa moshi, na fomu ile ya maswali niliitunga mwenyewe."

Usidhani nimesamehewa. Nimeondolewa kwenye sampuli za utafiti huu, na kwa sasa kazi yangu ni kuosha vyombo vya maabara. Naosha vizuri sana, nimefundishwa na bingwa. Lakini amelipeleka suala lenu kwenye kamati, na kamati imekubali. Daktari wa kipara atakuja huko yeye mwenyewe tarehe ishirini na sita, na kimashine cha kupuliza na majibu ya kila mtu kwenye bahasha yake. Ataongea na kila mmoja faragha. Atakayehitaji picha au dawa ataletwa hospitali yetu kwa gharama za utafiti. Na Profesa amemwandikia Mwalimu Mkuu habari za jiko.

Umenikasirikia na ulikuwa na haki. Niliogopa nikakuona wewe peke yako, sikuona mtu mwingine.

Nimefanya ulichotaka. Sasa na wewe unifanyie nilichotaka. Tarehe ishirini na sita, upulize.

Mume wako, muosha vyombo

*

Jikoni
29 Aprili

Kwako mwanangu,

Mimi ni Msaidizi wa bibi yako hapa jikoni. Hujazoea mwandiko wangu, nisamehe kwa makosa. Bibi yako hajui kama nakuandikia, na akijua nitakula mwiko wa kichwa, kwa hiyo barua hii ukimaliza ichane.

Daktari alikuja. Tumepuliza. Mimi nimeambiwa kifua changu kimeanza kubana lakini nikikaa mbali na moshi na nikifuata dawa nitakuwa sawa. Wawili watakuja huko kwenu wiki ijayo kwa picha. Yule mnene, tulidhani ataanguka tena, ndiye katoka mzima kuliko wote! Na Mwalimu Mkuu amebomoa ukuta wa nyuma wa jiko, sasa tunapika tunaona uwanja wa mpira. Moshi unatoka. Fundi ameahidi na bomba la juu.

Sasa kilichonifanya nikuandikie. Bibi yako ndiye aliyetupanga foleni, akatuchangamsha, akatutania mmoja mmoja, tumepuliza kumi na mmoja. Ilipofika zamu yake alimvuta daktari pembeni, akamuuliza kitu. Mimi nilikuwa karibu nikasikia kidogo tu, alitaja mtoto mchanga. Daktari akajibu, sijui alijibu nini. Basi bibi yako akageuka, akaingia stoo ya unga, akajifungia. Daktari alisubiri mpaka gari likamwita. Hakutoka. Nilipogonga aliniambia anahesabu magunia.

Tangu siku hiyo anafanya kazi lakini hatutanii tena. Bahasha yake haijafunguliwa. Usiku anakohoa mpaka anakaa kitandani. Wewe ndiye anayekusikiliza, mimi nimeshindwa.

Ni mimi,
Msaidizi

*

Maabara
6 Mei

Bibi,

Mwaka mzima ungenikasirikia ningevumilia, lakini hili siliwezi. Kumi na mmoja wamepuliza na wewe ukajificha. Nimelijua, usiniulize nimelijua vipi. Ulisema hutakuja mpaka wenzako waambiwe. Wameambiwa. Nimeosha chupa mwezi mzima kwa ajili hiyo na sijutii hata moja. Sasa kilichobaki ni nini?

Ulimuuliza nini daktari? Niambie. Kama ni jambo baya, tulibebe wawili. Mimi sina mama, sina baba ninayemjua. Nikikupoteza wewe nitakuwa na cheti cha maabara na shingo ya mbuni, basi.

Naomba jibu. Safari hii si la utani.

Wako

*

Nyumbani, si jikoni
14 Mei

Mwanangu,

Leo nimeomba ruhusa nimekaa nyumbani niandike vizuri.

Mama yako alipofariki ulikuwa na miezi minane. Kazi ya jikoni ndiyo kwanza nilikuwa nimeipata. Sikuwa na mtu wa kukuachia. Nilikufunga mgongoni, nikasimama mbele ya majiko sita kuanzia alfajiri mpaka jioni. Ulipoanza kutambaa nilikuweka kwenye boksi la karatasi pembeni ya kuni. Ulipoanza kutembea nikakupindulia ndoo. Miaka sita, mpaka ulipoanza darasa la kwanza. Watu walikuwa wanasema huyu mtoto anakohoa, mimi nawaambia meno yanaota. Meno gani hayo yaliyoota miaka sita?

Miaka yote hiyo nilijisifu. Nilijiambia, nimemlea mjukuu wangu bila kumpa mtu, nimemlea na mikono yangu yote miwili kazini. Wewe ukaniandikia kwamba ule moshi kwako ulikuwa ni mimi. Uliandika kwa mapenzi, najua. Mimi nilisoma nikakaa chini.

Nilimuuliza daktari hivi: moshi unaoniharibu mimi mtu mzima, unamfanya nini mtoto mchanga? Akajibu kwa upole, hakunificha. Alisema mapafu ya mtoto ni mapya, bado yanajengwa, kwa hiyo yanaumia haraka zaidi. Hakujua nauliza kwa nini.

Basi mimi siwezi kupuliza kwenye kile kimashine. Siwezi kukaa mbele ya daktari anihurumie, anipe dawa, wakati sijui nilikufanya nini wewe. Siogopi habari za kifua changu, mimi ni mtu mzima na nimekula chumvi yangu. Naogopa za kwako. Wewe unapima damu za watu wote. Yako umeipima?

Ipime. Na usije ukanidanganya kama mimi nilivyokudanganya kuhusu simu. Nitajua.

Bibi yako

*

Maabara
25 Mei

Bibi,

Nilisoma barua yako nimesimama kwenye sinki, mikono ina sabuni, nikalia pale pale. Profesa akaniona. Nikampa asome.

Alinikalisha kwenye kiti, akamwita muuguzi, nikatolewa damu saa ile ile. Mimi sikuruhusiwa kuigusa. Profesa alivaa mwenyewe glavu zake akaipima, na wenzangu wanasema hawajamwona akipima kwa mkono wake miaka mingi. Alisema damu inaeleza ya sasa, si ya zamani, kwa hiyo tusiishie hapo. Nikapelekwa kwa daktari wa kipara, nikapuliza mpaka masikio yakaziba, nikapigwa picha pia.

Majibu ni haya, yote, sijapunguza wala kuongeza. Protini za mapafu kwenye damu yangu ziko kawaida. Picha ni safi. Kwenye kupuliza niko chini kidogo ya watu wa urefu wangu, kidogo sana. Nilimuuliza daktari kama ni kwa ajili ya utotoni. Akasema huenda, hawezi kuapa, na akasema mtu anaweza kuishi na hali hiyo mpaka uzee bila kuijua, ili mradi asivute sigara na aangaliwe kila mwaka. Nilitaka kuliruka hilo la kidogo, nikakumbuka ulisema utajua.

Bibi, nisikilize. Mtu mwingine angenipeleka kwa watoto yatima nikavuta hewa safi peke yangu. Mimi nililelewa nimeegemea mgongo wako, nasikia moyo wako ukipiga, na usingizi ulikuwa unanichukua hapo hapo. Ukiniuliza leo nichague, nitachagua mgongo. Usithubutu kuuonea aibu mbele yangu.

Mapafu yangu yapo, yanafanya kazi, yanakusubiri. Yako nayo yaje.

Mumeo

Chini hapa naongeza mimi, Profesa. Nimepima kwa mkono wangu, mara mbili. Hajakudanganya. Njoo, mama, kitanda kipo.

*

Nyumbani
1 Juni

Mume wangu,

Marahaba ya siku zote ambazo sikukujibu.

Barua yako nilimpa Msaidizi anisomee kwa sauti, maana macho yangu yalikuwa hayaoni kwa machozi. Alipofika kwenye "kidogo sana" nikamwambia arudie. Alipofika kwenye mgongo akashindwa yeye, tukaikamilisha wawili, huyu neno, huyu neno. Halafu nikalala. Nimelala usiku mzima, kijana, sijui mara ya mwisho ilikuwa lini.

Bahasha yangu nimeifungua. Sielewi tarakimu zake lakini naona zimejaa ukurasa, utanisomea wewe. Mwiko nimemkabidhi Msaidizi mbele ya watu wote, na nimemwambia akiunguza maharage nitasikia huko huko hospitali. Wamenicheka, na mimi nimecheka, kikohozi kikaja, hakuna aliyejifanya hakusikia.

Nakuja kesho kutwa kwa basi la asubuhi. Uje stendi unipokee. Kutoka kwenye basi mpaka getini naona ni mbali kwangu sasa, na sitaki kubebwa. Nikisimama njiani kuvuta pumzi, usiniulize kama nimechoka. Simama tu na mimi.

Mkeo